Tulivyopeleka Magome ya Kinkina Huye

Maman Aline, Vumilia, na nyinyi wengine wa pale kwenye cherehani, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake mambo ya Huye yalikwendaje, na kila nikianza kueleza anaingia mteja na suruali ya kupunguza. Nimeona niandike mara moja, msome umeme ukikatika. Mambo ya tiketi na barua nayaruka, hayana utamu.

Wazazi wangu mnawajua kwa kuwaona tu. Papa, Mzee Gaspard, ni yule mrefu anayetembea kama anahesabu hatua. Maman ni yule anayewasalimia kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, kwa sababu hasikii. Alipoteza masikio mimi nikiwa na miezi minne, wakati wa kukimbia vita kule ng'ambo, upande wa Kivu. Nyumbani tuliambiwa siku zote kwamba homa ndiyo iliyoyachukua. Anasoma midomo ya watu akisemeshwa Kiswahili; wao wawili bado wanasema kile cha Bukavu, cha "njo" kwa "ndiyo" na "batu" kwa "watu". Neno likimshinda, Papa humwandikia kiganjani kwa kidole, herufi moja moja.

Ujana wote wa Papa ulikwisha kwenye mashamba ya kinkina, kwenye milima ya nyuma ya Bukavu. Kinkina ni mkwinini, mti ambao gome lake hutoa dawa ya malaria. Kazi yake ilikuwa kubandua magome, kuyakausha na kuyapeleka kiwandani kwa magunia. Tuliporudi huku Rwanda alikuja na miche mfukoni, na leo ana miti kumi na moja nyuma ya nyumba yao, kijijini Giheke. Mwaka huu alipita mtafiti wa mimea ya dawa kutoka maabara moja ya Huye, Dokta Béatha, akaiona ile miti, akaigusa kama mtu aliyekutana na ndugu. Akamwomba Papa amletee magome ya miti mitatu, yaliyokauka kivulini, ayapime.

"Tunaweza kukutumia kwa basi," nilimwambia Dokta kwa simu.

Papa akanipokonya simu. "Hapana. Nitaleta mwenyewe. Niko na swali."

## Giheke hadi Kamembe

Nililala Giheke ili tuondoke pamoja asubuhi. Nilimkuta Papa amefunga magome kwenye mifuko mitatu ya karatasi, kila mmoja umeandikwa namba ya mti. Yamejikunja kama majani makavu ya mgomba, nje kijivu, ndani rangi ya kahawia. Amevaa koti la harusi ya kaka yangu.

Safari ilikuwa ya watu wawili. Lakini Maman alitoka chumbani na kitenge kipya, kikapu mkononi.

"Mwambie abaki," Papa aliniambia, mgongo wake ukiwa umemwelekea asimsome midomo. "Barabara ni mrefu, atachoka."

Nikamgeukia Maman nikamwambia ni mbali. Akacheka. "Mi nilitembea kwa miguu mu misitu na wewe mugongoni. Leo kuna kiti, njo nichoke?"

Akachukua ile mifuko mitatu, akaiweka ndani ya kikapu chake juu ya mandazi, na mazungumzo yakaishia hapo. Tulikodi pikipiki tatu mpaka stendi ya Kamembe. Nilidhani Papa amekasirika. Pikipiki yake ilikuwa mbele yangu, nikawa naona tu lile koti limejaa upepo.

## Kamembe hadi msitu wa Nyungwe

Basi liliondoka vizuri. Tulipita mashamba ya chai ya Gisakura, mvua nyembamba ikinyesha, tukaingia msituni, na baridi ikaingia nasi. Kama nusu saa ndani ya msitu dereva akasimama. Mbele kulikuwa na malori mawili, na mbele ya malori mlima ulikuwa umeshuka barabarani: udongo mwekundu, mawe, na mti mzima umelala na mizizi yake juu. Madereva wa malori wakasema mashine ya kuondoa udongo inatoka Kitabi, upande wa pili. Hakuna aliyeuliza itachukua muda gani, maana jibu lingetuudhi.

Tulishuka. Nyani walikuwa wamekaa ukingoni wakitutazama kama sisi ndio tulioziba njia. Mama mmoja wa kutoka Bukavu, muuza sambaza, aliyekuwa akipeleka gunia la samaki wakavu Huye, alikuwa na termosi kubwa ya chai. Jina lake Maman Pendo. Aliwaonea watu huruma kwa baridi, akaanza kupanga vikombe vya chai, naye Maman akafunua kikapu agawe mandazi.

Maman Pendo akaona magome yakichungulia kwenye ile mifuko. "Aa, muko na mdalasini! Naweza tia kidogo?"

Sasa nyinyi mnajua tabia ya Maman: asiposhika neno, hutabasamu na kuitikia kwa kichwa. Akaitikia. Mimi nilikuwa naongea na dereva. Papa alikuwa anatazama msitu. Maman Pendo akachukua vipande viwili vinene kutoka mfuko wa kwanza, akavitumbukiza kwenye termosi, akafunga, akaitikisa, akasubiri vilegee.

Dereva ndiye aliyekunywa wa kwanza. Alitema mpaka kwenye kiatu chake. Kijana wa lori akakimbilia ukingoni, nyani wakatawanyika. Mtu mmoja mwenye tai akauliza kwa hofu, "Tumepewa sumu?"

"Haiko sumu," Papa alisema alipokuja mbio. "Ni kinkina. Ni dawa ya malaria. Kwa kidogo hivi haina neno."

"Basi leo mbu wa Nyungwe wamekwisha," dereva akasema, akijifuta ulimi kwa mkono wa shati. Watu wakacheka. Maman Pendo aliomba radhi kwa kila mtu, kisha akaanza tena kwa mtu wa kwanza.

Maman hakutema. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa, akameza, akakaa na ule uchungu mdomoni, akimtazama Papa. Papa naye akamtazama, kisha akageuka, akaenda peke yake kuelekea pale udongo ulipoanguka. Nikamfuata.

"Zawadi," aliniambia bila kunitazama, "nini ilichukua masikio ya mama yako?"

"Homa."

"Njo vile tuliwaambia." Alivunja kijiti vipande vidogo vidogo. "Tulikuwa mu misitu wiki ya pili. Hakukuwa dawa, hakukuwa munganga. Mama yako alikuwa anatetemeka, anasema na batu bamekufa. Nilikuwa na magome mu gunia, yale nilitoka nayo kazini. Nikachemsha. Konzi mbili, sufuria moja. Nikamunywesha asubuhi, muchana na magaribi. Siku ya sita homa ilishuka. Siku ya saba nilimwita, hakugeuka."

Papa akavitupa vile vipande vya kijiti.

"Kule kwenye shamba batu wote balijua. Kinkina ikizidi, masikio inalia, kisha inafunga. Nilijua, Zawadi. Na nilipima kwa mukono."

"Maman anajua?"

Akatikisa kichwa. "Njo swali langu kwa Dokta. Anipimie ile sufuria."

Nilimshika mkono wa koti, tukasimama hivyo mpaka tuliposikia mashine upande wa pili wa udongo. Moyoni nilielewa kwa nini alitaka Maman abaki nyumbani.

## Nyungwe hadi Huye

Barabara ilifunguliwa baada ya kungoja muda wa saa nne. Maman Pendo alitugawia sambaza kwenye gazeti kama fidia, tukala na mandazi, na kwa kweli zilipatana. Tulifika Huye magharibi, tukapata vyumba kwenye nyumba ya wageni ya karibu na stendi, tukala wali na isombe ya majani ya muhogo. Papa alikula kidogo. Maman alikula chake, kisha akamalizia cha Papa.

Asubuhi tulipotea, na kosa lilikuwa la ukarimu. Tulimwuliza mlinzi wa lango la kwanza tulilolikuta, "Kwa Dokta Béatha, wa vipimo, ni wapi?" Kabla hajajibu alimsalimia Maman kwa Kinyarwanda, akaona haitikii, nikamweleza kwamba hasikii. Uso wake ukalainika. Akaacha lango, akatusindikiza mwenyewe, akatuketisha kwenye benchi na watu wengine, akamwambia muuguzi kitu sikioni. Tukakaa karibu saa nzima tukifikiri ndipo maabara ilipo. Muuguzi alipomwita Maman na kuanza kumchungulia masikio kwa taa, ndipo nikaelewa tuko kliniki.

"Ni safi kabisa," muuguzi alisema.

Nikamwambia Maman. Akafurahi sana. "Naoshaka kila siku," akamwambia yule binti, na watu wote wa benchi wakageuka kwa ile sauti.

## Maabara

Dokta Béatha alitupokea mlangoni. Ni mwanamke mfupi, wa makamo, koti jeupe lenye doa la kahawia kwenye mfuko. Aliongea Kiswahili chake cha shuleni, polepole, jambo lililomsaidia sana Maman. Nilitegemea kuona mitambo ya ajabu. Kulikuwa na meza ndefu, chupa, kinu cha umeme cha kusagia kama kile cha karanga, na harufu inayopanda puani.

Alieleza kazi yao kama anavyoeleza mtu anayeipenda. Mti, alisema, hauwezi kukimbia. Mdudu akija kuula, hauna miguu wala mikono. Kwa hiyo hujitengenezea vitu vichungu. Vingi vya hivyo huitwa alkaloidi, na kwinini ni mojawapo. Mti huanza na kitu kidogo kinachopatikana hata kwenye maharagwe, hukiunganisha na kingine chenye sukari ndani yake, kisha hukata hapa, hupinda pale, hatua baada ya hatua, mpaka kwinini itoke. "Hatua nyingine mpaka leo tunazitafuta," alisema. "Mti unafanya kimya kimya, sisi tunachungulia dirishani."

Kisha akasaga kipande, akachukua unga mweupe kwenye kopo ili auchanganye.

"Chokaa," Papa akasema.

Dokta akasimama. "Umejuaje, Mzee?"

"Kule kiwandani balitia chokaa. Siku zote nilifikiri ni ya kuua badudu."

"Ni ya kuiachisha kwinini na gome. Ndani ya gome imeshikwa na asidi. Chokaa inaifungua, halafu tunaiosha na dawa nyingine inayoivuta, kisha tunaihamishia kwenye maji yenye asidi." Papa alikuwa anaitikia kwa kichwa kila hatua, kama mtu anayesomewa barua ya zamani ambayo yeye mwenyewe alibeba bila kuifungua.

Dokta akamtania: apange mifuko mitatu kwa ulimi, naye ataipanga kwa taa. Papa akaonja, akaweka wa tatu mbele, wa kwanza katikati, wa pili mwisho. Dokta akatia unga wa kila mfuko kwenye maji yenye asidi kidogo, akachuja, akafunga mapazia, akawasha taa ndogo ya zambarau.

Jamani. Yale maji yaliwaka bluu. Hayakuwaka kama moto, yaliwaka kama mwanga wa simu chini ya shuka. Kichupa cha tatu kiliwaka kuliko vyote. Maman alishika mdomo kwa mikono.

"Kwinini hufanya hivi," Dokta alisema. "Lakini taa haihesabu vizuri, maana kwenye gome kuna ndugu zake kwinini wanaochanganya mambo. Mashine ile ndiyo itatuambia kiasi, baada ya siku kadhaa." (Majibu yalikuja wiki mbili baadaye kwa simu. Mti wa tatu ndio wenye nguvu, na wa pili ulikuwa mbele ya wa kwanza. Papa alisema ulimi wake umezeeka.)

Pale ndipo Papa alipovua kofia. Akauliza swali lake. Aliuliza yote, bila kujificha: konzi mbili, sufuria moja, siku sita, mara tatu kwa siku, na mimi mchanga mgongoni. Akasema lilikuwa gome la miti ya shamba, iliyokomaa. "Ilikuwa kiasi gani, Dokta? Ni mimi nilifunga masikio yake?"

Dokta alifungua pazia kwanza.

"Mzee, sijui. Na sitakudanganya kwamba kuna mashine ya kujua. Mti na mti hailingani. Hata mti mmoja, gome la shina si sawa na la tawi. Unachemsha vipi, kwa muda gani, yote hubadilisha. Kwinini ikizidi hufanya masikio yalie na yazibe. Mara nyingi hurudi, mara nyingine hayarudi. Na malaria yenyewe ikipanda kichwani inaweza kuyachukua. Siwezi kukuambia si wewe. Siwezi kukuambia ni wewe. Ninachoweza kukuambia ni kwamba bila ile sufuria, huenda leo ungekuja bila hawa wawili."

Papa aliitikia, lakini niliona hajatosheka. Alikuja kutafuta hukumu.

"Anauliza nini?" Maman akasema. Alikuwa ameshika midomo ya Dokta nusu nusu, na uso wa Papa wote. "Gaspard. Unauliza nini huyu mama?"

Papa alinitazama. Sikumsaidia. Naomba mnielewe, niliona si kazi yangu. Akamshika Maman mkono wa kushoto, akaanza kuandika kiganjani. Aliandika kwa muda mrefu. Mara mbili alifuta kwa kidole gumba, kana kwamba kulikuwa na wino, akaanza upya. Maman alitazama kiganja, si uso. Alipomaliza, Maman alikunja ngumi juu ya yale maneno.

"Siku ya tatu," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia akisema chini, "ulienda kutafuta bihazi ya kupika. Masikio ilikuwa inalia, kama nyenze. Mi nilijua ni dawa. Batu ba shamba bote banajua, na mi nilikuwa bibi ya muntu wa shamba. Kama ningekuambia, ungemwaga ile sufuria."

Maman akafungua ngumi, akatazama kiganja kitupu.

"Homa ilikuwa inaenda na kurudi. Mutoto alikuwa ananyonya. Nikasema, masikio au mutoto?" Akanionyesha kwa kidevu, kama anaonyesha kitu kilichoko mezani. "Nilikunywa yote. Na ile ya chini, yenye magome. Ukirudi, naongeza maji, unafikiri ni ileile. Siku zote zile, vile vile."

"Juu ya nini hukuniambia?" Papa aliuliza kwa midomo tu, sauti haikutoka. Maman hakuhitaji sauti.

"Niliogopa utanikasirikia. Nimejiharibu mwenyewe, na umepata bibi kiziwi. Kisha miaka ikapita." Akamgusa shavu. "Sikujua uko unabeba. Ningejua, ningekuambia siku ileile."

Nina miaka ishirini na tisa, nina watoto wawili, na nilikuwa sijawahi kujua kwamba niliwahi kuwekwa kwenye mizani nikashinda. Nilitaka kusema asante, na neno lenyewe likawa dogo. Nikamsogelea Maman, nikaegemeza kichwa begani kwake, akanipigapiga mgongo kama anayemtoa mtoto hewa.

Dokta alikuwa ameenda dirishani kutazama bustani. Aliporudi, macho mekundu, alisema ni saa ya kula.

Tulikula kwenye kantini, wali na maharagwe. Dokta akamkumbusha Papa kwamba ndani ya maharagwe kuna kile kitu ambacho mti huanzia. Papa akatazama sahani yake. "Basi miaka yote hii nimekula, na sijatoa hata kwinini moja." Maman alipoandikiwa utani ule kiganjani alicheka mpaka wapishi wakatoka kuangalia.

## Huye hadi Kamembe

Tuliondoka asubuhi iliyofuata. Njia ilikuwa wazi, jua limetoka, msitu unafuka mvuke. Nilikaa kiti cha nyuma yao. Kabla hatujafika Kitabi, kichwa cha Papa kilianguka begani kwa Maman. Alilala. Alilala mdomo wazi, kofia imeanguka sakafuni, na dereva alipopiga breki kwa ajili ya nyani hakushtuka.

Nilimsogelea Maman, nikageuza uso aone midomo yangu. "Amechoka."

"Haiko kuchoka," alisema, naye akajitahidi kunong'ona, na akashindwa, basi lote likasikia. "Huyu muntu halalaka. Toka tulitoka mu misitu. Usiku anakaa, ananiangalia. Anafikiri mi niko nalala."

Tulipita Gisakura, tukapita Ntendezi. Tulipokaribia Giheke nilianza kukusanya mizigo, nikamwita kondakta atushushe. Maman akanishika mkono kwa nguvu.

"Muache."

"Maman, ni hapa. Nyumba ni hapa."

"Naona. Muache alale."

Kondakta alikuwa amekwisha gonga paa, basi linapunguza mwendo. Nikamwambia samahani, endelea. Nyumba ikapita upande wa kushoto, na miti kumi na moja nyuma yake, na Papa hakuona. Tukaenda mpaka Kamembe, stendi, watu wote wakashuka, dereva akazima injini. Akageuka akatuona bado tumekaa, akamwona Papa bado amelala. Alichukua gazeti lake, akaanza kusoma.